Siku moja Hann. Münden: nimwonyeshe mama nini?

Swali: "Ninasoma kilimo Witzenhausen. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa Tanga mwenye miaka 68, anakuja kunitembelea mwezi Juni. Wenzangu wananiambia nimpeleke Hann. Münden (yaani Hannoversch Münden), mji wa kale wa hapa Ujerumani ulio kando ya mto. Niliwahi kupita hapo: nikaona nyumba za mbao zimejipanga, nikapiga picha, nikaondoka bila kujua nimetazama nini. Mama ni mtu wa maswali, na magoti yanamsumbua. Nimwonyeshe nini kwa siku moja, na nimweleze vipi mji mdogo namna ile ulipata wapi fedha za kujenga vyote vile?"

Jibu:

Dada yangu, swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Ukilijibu hilo, mama yako ataiona kila nyumba kwa jicho jingine. Kwa hiyo nakushauri jambo moja kabla ya yote: usianzie sokoni. Karibu kila mgeni anashuka stesheni, anaufuata mtaa wa Lange Straße, anafika kwenye jumba la halmashauri ya mji, anapiga picha na kutafuta kahawa. Huko ameona matokeo tu. Sababu iko majini. Zile nyumba zaidi ya 700 za mbao zilijengwa kwa fedha ya mashua zilizolazimishwa kusimama hapo, na usipoanza na mashua hutazielewa.

Anzeni basi kwenye ncha ya kisiwa cha Tanzwerder. Kutoka mji wa kale mnavuka daraja dogo la Mühlenbrücke, mnaingia kwenye njia tambarare yenye miti na mabenchi, mnakwenda taratibu mpaka ardhi inapoishia. Hakuna ngazi wala mlima, magoti ya mama hayatateta. Mkisimama pale mkitazama maji yanakokwenda, kushoto kwenu ni Mto Fulda, kulia ni Mto Werra, na mbele yenu hakuna Fulda wala Werra tena, kuna Weser. Tazameni rangi. Mara nyingi maji hayachanganyiki papo hapo. Mvua ikiwa imenyesha upande wa Thuringia, Werra hushuka na tope lake, na mstari kati ya mito miwili huonekana ukienda bega kwa bega na ukingo kwa mwendo mzuri kabla haujafutika.

Wewe mwanafunzi wa kilimo, mwambie mama pia jambo lisiloonekana kwa macho: Werra ina chumvi. Juu huko, kwenye mpaka wa majimbo ya Hesse na Thuringia, kuna migodi ya potashi, ile potashi unayoisoma kwenye masomo ya mbolea, na maji machafu ya chumvi yamemwagwa mtoni kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1970 na 1980 kuna nyakati Werra ilikuwa na chumvi kuliko bahari, na samaki wa maji baridi walikufa au wakahama. Hali leo ni afadhali sana, lakini mzigo haujaisha. Mimi huwa sipendi wageni waambiwe juu ya uzuri wa makutano haya bila kuambiwa hilo.

Pale kwenye ncha pana jiwe kubwa, Weserstein, lenye tarehe 31 Julai 1899. Limechongwa shairi la mistari minne la Carl Natermann, mwenye kiwanda wa hapo hapo mjini. Linasema kwamba Werra na Fulda zinapobusiana hapa hazina budi kupoteza majina yao, na kwamba katika busu hilo unazaliwa Mto Weser, wa Kijerumani hadi baharini. Msipite haraka juu ya maneno hayo ya mwisho. Rhine unaanzia Uswisi na kuishia Uholanzi. Elbe unatoka nchi ya Wacheki. Danube unaondoka Ujerumani na kwenda zake hadi Bahari Nyeusi. Weser peke yake, kati ya mito mikubwa, unazaliwa ndani ya nchi na kuingia Bahari ya Kaskazini bila kuvuka mpaka. Mwaka 1899 hilo lilikuwa jambo la kujivunia kisiasa, na mama yako, mtu wa Tanga, hatahitaji kuelezwa sana: mwaka ule ule bendera ya dola hiyo ilikuwa ikipepea Tanga na reli ya Usambara ilikuwa inajengwa. Jiwe hili ni zuri, na ni la zama zake.

Sasa njooni kwenye fedha.

Mtu aliyekuwa na mzigo Thuringia au Hesse, na akataka kuufikisha Bremen na baharini, njia yake ilikuwa mto. Lakini hapa Münden mito ilikuwa na miamba na maji ya kasi, mashua za mto wa juu hazikuweza kushuka moja kwa moja, na za Weser hazikuweza kupanda. Mizigo ilibidi ishushwe, ibebwe, ipakiwe upya. Huo ulikuwa usumbufu wa kimaumbile. Mwaka 1247 ukageuzwa sheria. Mtawala Otto, aliyejulikana kwa jina la utani la Mtoto, aliupa mji haki ya kusimamisha mizigo: kila mfanyabiashara aliyepita hapa alipaswa kushusha bidhaa zake na kuziweka sokoni siku 3 ili watu wa Münden wapate kununua kwanza. Kilichobaki ndicho kilichoruhusiwa kuendelea, na kiliendelea kwa mashua za mji.

Mama aliyefundisha darasa zima atalipata hili mara moja. Fikirieni nani anakula kwenye mpango huo. Hamali anayeshusha anakula. Mwenye ghala anakula. Mwenye nyumba ya kulala wageni anakula siku 3 za kila mfanyabiashara. Mpima mizani, mtoza ushuru, mwenye mashua, fundi wa mapipa, wote wanakula. Na mfanyabiashara wa mjini ananunua kwa bei nafuu kwa mtu asiyeweza kuondoka. Kulikuwa na nafaka, mbao, na yale majani ya Thuringia yaliyotoa rangi ya buluu ya nguo kabla nili ya Asia haijateka soko. Kutoka Bremen vilipanda samaki wa chumvi na bidhaa za ng'ambo. Mpango huu ulidumu karibu miaka 600, hadi mataifa yaliyopakana na Weser yalipokubaliana mwaka 1823 kuachia njia ya mto.

Gati za zamani bado zipo, nazo zina majina ya kule mashua zilikotoka au zilikokwenda: moja ya Bremen, nyingine ya Wanfried, ule mji mdogo wa Werra ambao ndio ulikuwa mwisho wa safari za mashua upande wa juu. Tafuteni jengo la Packhof, bohari la mizigo la miaka ya 1830 mwishoni. Lilijengwa wakati sheria ya kusimamisha mizigo imeshakufa na mji ukiwa bado unatumaini kuishi kwa mto. Reli ilifika mwaka 1856, na matumaini hayo yakaishia hapo. Kwenye ukuta wake kuna alama za mafuriko. Ya juu kuliko zote ni ya Julai 1342, mafuriko yaliyoikumba Ulaya ya kati kuanzia mto Main hadi Weser, na mpaka leo wanaosoma historia ya mito huyahesabu kuwa makubwa kuliko yote yanayojulikana hapa. Mwambie mama asimame chini ya alama hiyo, kisha ageuke atazame mto ulivyo chini.

Kabla hamjaondoka majini, mpe kisa cha Denis Papin, maana hakuna kinachoonyesha ukali wa ile haki kuliko hicho. Papin alikuwa Mfaransa wa Kiprotestanti aliyekimbia mateso ya dini kwao. Ndiye aliyebuni sufuria la presha. Alikuwa akimtumikia mtawala wa Hesse huko Kassel, na mwezi Septemba 1707 aliamua kwenda Uingereza na mashua yake mpya iliyokwenda kwa magurudumu ya makasia. Alijua kwamba bila ruhusa hatapita Münden. Aliomba, na Leibniz, yule mwanafalsafa mkubwa, alijaribu kumsaidia kupata kibali. Hakikupatikana. Papin akashuka Fulda hivyo hivyo na familia yake. Alipofika hapa, chama cha wenye mashua wa Münden kiliikamata mashua, kikaitoa majini na kuivunja vipande vipande. Vitabu vingi vitakwambia ilikuwa meli ya kwanza ya mvuke duniani. Barua zake mwenyewe hazisemi hivyo. Inaonekana magurudumu yalizungushwa kwa nguvu za mikono, na mvuke ulikuwa bado ndoto yake. Hilo halipunguzi uchungu. Mtu yule alifika Uingereza bila mashua, akaishi kwa shida, na hata kaburi lake halijulikani kwa uhakika. Watu waliomvunjia walikuwa na karatasi ya mwaka 1247 mkononi, na kwa sheria ya wakati huo walikuwa ndani ya haki yao.

Baada ya hapo ndipo muingie mjini, na sasa nyumba zitasema.

Kazi yangu ni majengo ya kale, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Nyumba hizi Wajerumani huziita Fachwerk. Mifupa yake ni ya mwaloni, na mwaloni haukuwa mbali: mji umezungukwa na misitu mitatu, Reinhardswald, Bramwald na Kaufunger Wald. Fundi alikata boriti akiwa kwenye kiwanja chake, akazichonga zikaingiana kwa ulimi na tundu, akazilaza chini fremu nzima ili kuhakikisha zinakaa, kisha akazifungua, akazibeba hadi kiwanja cha nyumba na kuzisimamisha. Hakutumia misumari ya chuma kwenye viungo. Alitumia vigingi vya mbao. Sasa fanyeni hivi: chagueni nyumba moja yenye mbao zisizopakwa rangi nzito, sogeeni karibu na kiungo ambapo nguzo inakutana na boriti ya kulala, na mtafute mikwaruzo midogo iliyonyooka, mstari mmoja, miwili, mitatu, pengine na mkia. Ni namba za fundi. Kila mti ulipewa alama yake ili siku ya kusimamisha usiwekwe mahali pa mwingine. Mtu aliyekata mikwaruzo hiyo kwa patasi amekufa miaka 400 iliyopita, na namba zake bado zinasomeka kwa kidole.

Kati ya mbao hizo kuna ukuta, na ukuta huo mama yako ataujua kuliko profesa wako yeyote. Fito zimechomekwa wima, nyembamba zimesukwa kwa kulala, kisha udongo mbichi uliokandwa na majani makavu umepigwa pande zote mbili na kupakwa chokaa juu. Kama alikulia nyumba ya fito na udongo, au aliona zikijengwa, hatahitaji mkalimani. Mahali ambapo lipu imebanduka mtaona mabua ndani. Mjini hapa mtu tajiri alionyesha utajiri wake kwenye mti, si kwenye udongo.

Angalieni pia jinsi kila ghorofa inavyotokeza mbele kuliko ile ya chini yake, mpaka kwenye vichochoro paa za nyumba mbili zinakaribia kupeana mikono. Na boriti ya kizingiti cha ghorofa ndiyo ukurasa wa nyumba. Humo wamechonga mwaka, jina la mume na mke waliojenga, na mara nyingi aya ya Biblia au ombi la kulindwa na moto. Kanuni ya haraka ya kukisia umri: michongo mingi ya mapambo, zile nusu duara zilizokunjuka kwa miale, ni ya karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, wakati mji ulipokuwa na fedha nyingi kupita siku zote. Nyumba iliyonyooka, mbao zake nyembamba na bila pambo, mara nyingi ni ya baada ya vita, nami nitafika kwenye vita hivyo.

Jumba la halmashauri ni la kipindi kile kile cha neema. Nyuma yake ni ukumbi wa zamani wa enzi za Gothiki, lakini uso wake wa mawe ulijengwa kati ya 1603 na 1618 kwa mtindo unaoitwa Renesansi ya Weser, mtindo uliopewa jina la mto kwa sababu ulienea miji yote ya mto huu iliyokuwa na fedha. Fundi wake, Georg Crossmann, alitoka Lemgo. Ujenzi uliisha mwaka 1618, na mwaka huo huo ndipo Vita ya Miaka 30 ilipoanza.

Fikeni hapo kabla ya saa sita mchana. Kengele hupiga, kidirisha kinafunguka, na vinyago vya watu vinazunguka: daktari, mgonjwa, koleo, jino. Huyo ni Doktor Eisenbarth, na mji unamtumia kila mahali, kuanzia michezo ya kuigiza ya majira ya joto hadi chupa za pombe. Nataka umweleze mama ukweli wake, maana amedhulumiwa. Johann Andreas Eisenbarth alizaliwa mwaka 1663 huko Oberviechtach, Bavaria. Hakusoma chuo kikuu. Alijifunza upasuaji kwa shemeji yake huko Bamberg, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi. Alitoa mtoto wa jicho, mawe ya kibofu na ngiri katika enzi isiyo na dawa ya usingizi, akisafiri mji hadi mji na msafara uliofikia watu 120, wanamuziki na wachekeshaji wakiwemo. Ngoma zilivuta watu, na pia zilifunika vilio. Alibuni sindano yake ya mtoto wa jicho na ndoano ya kuondoa uvimbe wa puani, na mfalme wa Prussia alimpa cheo cha daktari wa macho wa ikulu. Zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake wanafunzi walitunga wimbo wa kumfanya tapeli anayewatembeza vipofu na kuwafanya viwete waone, na wimbo ndio uliobaki vichwani mwa watu. Wataalamu wa historia ya tiba leo wanamweka miongoni mwa wapasuaji hodari wa wakati wake.

Alifia hapa Münden tarehe 11 Novemba 1727, safarini, kwenye nyumba ya wageni ya Lange Straße. Nyumba ipo na ina sanamu yake ya mbao. Jiwe la kaburi lake liko kwenye ukuta wa Kanisa la Mtakatifu Aegidius, mwendo mfupi kutoka hapo. Nendeni mkalione. Linamtaja kwa vyeo vyake kamili, bila mzaha wowote.

Kanisa kubwa la mji ni la Mtakatifu Blasius, mkabala na jumba la halmashauri. Ingieni, mama apumzike. Humo mtaona ukumbusho wa Mtawala Erich wa Kwanza, kazi ya Loy Hering, mchongaji mashuhuri wa Ujerumani ya kusini. Erich alikufa mwaka 1540 akiwa mkutanoni Hagenau, na ilichukua karibu mwaka mzima kuurudisha mwili wake kuzikwa, kwa sababu ya madeni aliyoacha.

Lakini mtu wa kumjua kwenye familia hiyo ni mjane wake. Elisabeth wa Brandenburg aliozwa mwaka 1525 akiwa hajatimiza miaka 15, mume akiwa na miaka 55. Alipofiwa alishika utawala kwa niaba ya mwanawe mdogo kwa miaka 5, na katika miaka hiyo aliingiza Ulutheri katika nchi yote ya mumewe, akiwa na mchungaji Anton Corvinus kama msaidizi wake mkuu. Alilipa madeni, akapanga mahakama na kanisa. Na aliandika. Alimwandikia mwanawe kitabu cha namna ya kutawala, akamwandikia bintiye mawaidha ya ndoa, akawaandikia wajane kitabu cha faraja. Mwana huyo, Erich wa Pili, alipokua alirudi Ukatoliki na kumtia Corvinus gerezani. Mwalimu mstaafu anayemtembelea binti yake atapata la kuzungumza hapo kuliko kwenye vita vyote vya wanaume.

Kasri lao, Welfenschloss, liko ukingoni mwa Werra. Liliungua mwaka 1560, na Erich wa Pili akalijenga upya. Leo ndani kuna makumbusho ya mji. Kuna pia vyumba viwili vilivyochorwa kuta zake katika miaka ya 1560 na ambavyo vimebaki na rangi zake. Kuviona kunahitaji kupanga na mwongozaji, kwa hiyo ulizeni mapema ofisi ya wageni. Mkitoka hapo, daraja la mawe la Werra liko karibu. Linatajwa kwenye maandishi ya mwaka 1329, nalo ni miongoni mwa madaraja ya mawe ya zamani kabisa kaskazini mwa Ujerumani. Msilivuke lote. Fikeni katikati, mtazame mji na kasri kutoka juu ya maji, mrudi.

Kuhusu ile Vita ya Miaka 30 nitasema kwa ufupi. Siku za Pentekoste mwaka 1626 jeshi la Tilly, jemadari wa upande wa Wakatoliki, liliupiga mji kwa mizinga kutoka vilimani, likavunja ukuta na kuingia. Mauaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba mji haukurudi kuwa ulivyokuwa. Ng'ambo ya Fulda mtaona mnara juu ya kilima, Tillyschanze, uliojengwa kati ya 1881 na 1885 kukumbuka siku hizo. Una urefu wa mita 25, na kutoka juu unaona paa zote nyekundu na mito mitatu kwa pamoja. Njia yake ni ya kupanda hasa. Nenda wewe siku nyingine, usimpandishe mama. Karne moja na nusu baadaye gati hizi hizi ziliona msiba wa namna nyingine: mtawala wa Hesse-Kassel aliwakodisha vijana wake kwa Uingereza wakapigane Marekani dhidi ya wapigania uhuru, na baadhi yao walipakiwa kwenye mashua hapa kushuka Weser. Wengi hawakurudi.

Utaniuliza, kama mji ulianguka, mbona nyumba zimebaki? Ndiyo sababu zimebaki. Mji wenye fedha hubomoa na kujenga upya. Münden baada ya mto kufunguliwa na reli kuja haukuwa na fedha hizo. Watu walipaka lipu juu ya mbao ili nyumba zionekane za mawe, wakaendelea kukaa. Mabomu yaliyoiteketeza Kassel mwezi Oktoba 1943, kilomita chache tu kutoka hapa, hayakuangamiza mji huu wa kale. Hatari ya leo ni nyingine: nyumba tupu. Ngazi zake nyembamba, dari ya chini, matengenezo ghali, vijana wanahamia kwingine. Paa ikivuja miaka miwili mitatu, mwaloni uliostahimili karne nne unaoza kwenye kiungo, kisha ukuta unafuata.

Hapo ndipo watu wa Münden walipofanya jambo ninaloliheshimu sana. Waliunda ushirika wa wananchi, Bürgergenossenschaft Mündener Altstadt, wakanunua nyumba iliyokuwa ikifa kwenye Speckstraße, na mwaka 2013 wakaikarabati kwa siku 9 mfululizo, saa 24 kila siku, kwa zamu, mafundi wa kazi wakiwaongoza majirani wa kujitolea. Wenye kupika walipika, wenye kubeba walibeba. Nyumba ikasimama. Kama mnaweza, piteni mtaa huo. Nyumba haina mapambo ya kushangaza, lakini mimi ningependa mama aione kabla ya kuona duka lolote la zawadi.

Wageni wengi pia huambiwa kwamba Alexander von Humboldt aliuita mji huu mmoja wa miji saba iliyokaa mahali pazuri zaidi duniani. Mji unaipenda habari hiyo. Hakuna maandishi yake yanayojulikana yenye maneno hayo, kwa hiyo mpe mama kama hadithi ya mji, si kama nukuu.

Mambo ya safari yenyewe. Treni ya mkoa kutoka Witzenhausen kwenda upande wa Kassel inasimama Hann. Münden, na si safari ndefu. Angalia sana unapokata tiketi: kuna mji mwingine, Minden, mbali huko chini kwenye Weser hiyo hiyo, na mashine ya tiketi haitakuonya. Kutoka stesheni hadi mji wa kale ni kama dakika 10 kwa miguu ya kijana. Kwa mama chukueni teksi moja kwa moja hadi Mühlenbrücke, mhifadhi magoti kwa ajili ya mawe ya barabara za ndani, ambayo hayana usawa. Viatu vya soli laini na nene, visiwe na kisigino. Juni ni mwezi mzuri, maana mashua za watalii zinatembea na zipo zinazozunguka mito yote mitatu. Mama akiwa amechoka, badilisheni kasri kwa mashua. Atakaa, na ataona kwa mgongo wa maji kile kile alichokiona mwenye mzigo wa mwaka 1500 alipokaribia mji uliokuwa ukimsubiri.

Mkirudi Witzenhausen na jua bado lipo, mpitishe kwenye nyumba ya vioo ya mimea ya kitropiki ya chuo chenu, akaone mkahawa na migomba ikiota kando ya Werra. Na kwa kuwa anatoka Tanga, usimfiche chanzo chake. Chuo kilianza mwaka 1898 kama shule ya kikoloni, na miongoni mwa waliofunzwa hapo wapo waliokwenda kusimamia mashamba Afrika Mashariki. Pengine yeye ndiye atakayekuwa na simulizi za kukupa kuhusu upande wa pili wa habari hiyo. Saa za kufungua nyumba ya vioo hubadilika, zihakiki kabla ya siku yenyewe.